Somo la Nne, Siku ya Hitima

Nakuru, 12 Agosti 2024

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Badria,

Assalaam alaykum. Shikamoo, shangazi. Hali yangu ni njema, ila baridi ya huku imenikausha midomo hata kucheka ni taabu.

Jana kwenye simu uliniambia nikuandikie usome mara mbili, kwa kuwa maneno yangu ya kazi yanapita mbio. Haya. Kampuni yetu huwauzia watu bidhaa zao kwa masomo ya barua pepe. Mtu hujiandikisha jina na anwani, kisha kila baada ya siku moja, saa tatu asubuhi, hupata somo bure. Yako yatakuwa saba: kuchagua vijiti vya udi, kupika sukari, kuchanganya mafuta, kufukiza nywele, nguo, nyumba, hadi kuuhifadhi. Akifika la saba anaujua udi mzuri, na anakujua wewe. Hapo ndipo tunamwambia kwamba udi huo unao, akiutaka.

Mashine ndiyo itakayotuma. Itaweka jina la kila mtu pahali pake, hata wakiwa mia tano, nawe utakuwa jikoni na sufuria lako.

Shangazi, usikatae. Mwanao Bassam amesema mwisho wa mwaka: wateja wapya arobaini, wa nje ya Mji wa Kale, la sivyo anakuja kukuchukua uende ukakae naye Maskati. Ulikubali mbele yangu. Na mimi uliyenilea tangu nina miaka sita najua kwamba hutaki kwenda.

Mwanao,
Hiba

Kibokoni, Mji wa Kale, 16 Agosti 2024

Hiba mwanangu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Midomo ipake samli.

Nimesoma mara tatu. Ni nani aliyesikia mpishi wa udi akiwafundisha watu kupika udi ili wamnunulie udi? Mamangu alikuwa akifunga mlango wa jikoni hata mimi bintiye nisione kipimo cha miski, mpaka nilipoposwa. Tena wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wewe wataka nijitembeze kwa watu nisiowajua, hata chai hawajanywa.

Lakini nitafanya. Nilianguka kwenye ngazi mara moja, Ramadhani iliyopita, na Bassam anazungumza kana kwamba naanguka kila Ijumaa. Shuruti lake nililikubali kwa hasira, nikiona arobaini si kitu. Sasa nahesabu wateja wangu wote tangu mwaka uanze, na wote nawaona nikichungulia dirishani. Nyumba hii niliingia bibi harusi. Jeneza la bwana wangu Sheikhan lilitoka humu. Nami nataka nitoke kwa mlango huo huo, si kwa teksi ya uwanja wa ndege na masanduku mawili.

Nina masharti. Salamu iwe kamili, usiniandikie "hujambo" kama tangazo la sabuni. Kila mtu aitwe kwa jina na heshima yake. Na kusitajwe bei mpaka somo la saba.

Shangazi yako,
Badria

Nakuru, 17 Agosti 2024

Shangazi,

Masharti yote nimeyakubali. Wenzangu ofisini wanacheka, wanasema masomo saba bila bei ni mengi mno. Nimewaambia wahenga walimvumilia mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe, lakini shangazi yangu anampa chai mpaka ya saba.

Niletee maneno jinsi unavyosema, mimi nitapanga. Somo la nne lifanye tamu kidogo. Hapo ndipo watu wengi huchoka wakaacha kusoma.

Hiba

Saa 3:00 asubuhi, Jumatano, 2 Oktoba 2024

Kwa: Bi Mwanakhamis
Somo la Nne: Bi Mwanakhamis, leo ni zamu yako

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Bi Mwanakhamis.

Natumaini barua hii imekukuta na afya njema, wewe na wote walio nyumbani kwako. Siku hizi umewashughulikia watu wengi na nafsi yako umeisahau. Leo nakuomba uwaache wote kwa saa moja.

Oga kwa nafasi. Nywele zikiwa bado na majimaji kidogo, inama juu ya chetezo, makaa yawe yametulia, uziache zinywe moshi. Kisha fukiza shuka, na kanga utakayovaa. Vaa ile aipendayo. Akirudi mumeo atasimama mlangoni, asahau alichokuwa akitaka kukwambia. Usimuulize kitu. Mwache anuse.

Na akikuuliza nani aliyekufundisha, mwambie ni siri ya wanawake.

Mwalimu wako,
Badria wa Kibokoni

Tudor, 4 Oktoba 2024

Bi Badria,

Waalaykum salaam warahmatullah. Salamu yako ya Jumatano nairudisha leo, kwa kuwa salamu ni deni.

Sikujui ila kwa masomo yako. Nilijiandikisha wiki iliyopita. Mume wangu Ubaid alikuwa akinitania kwamba tangu nilipostaafu ualimu nyumba yetu inanuka chaki, nikasema nitamshangaza. Somo la kwanza nililisoma naye kando yangu akijifanya hasikilizi. La pili vilevile. Jumatatu alfajiri aliamka kutawadha, akaanguka. Tulimzika baada ya adhuhuri. Somo la tatu lilikuwa limekwisha kufika.

La nne lilifika siku ya hitima. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Simu yangu alikuwa nayo mke wa mwanangu, Aida, akisoma rambirambi za watu wa mbali kwa sauti ili tuziitikie. Akaona salamu kamili na jina langu, naye ni mtoto mwenye adabu, akaanza kusoma. Wazee wakaitikia salamu. Ulipoandika kwamba nimewashughulikia watu na nafsi yangu nimeisahau, kuna bibi mmoja alilia. Aida alifika penye nywele ndipo sauti ikamkatika, lakini bibi yule, masikio yake hayasikii vyema, akamwambia, "Soma mwanangu, usione haya, asemaje huyo?" Basi akasoma mpaka pale penye mume mlangoni.

Sikuandikii kukulaumu. Ulijuaje? Lakini mimi sasa ni mwenye eda. Miezi minne na siku kumi sitii manukato wala sijipambi. Na kila ikikaribia saa tatu asubuhi naiogopa simu. Leo limekuja la tano, sijalifungua. Nakuomba unitoe katika orodha yako.

Mwanakhamis Ubaid

Kibokoni, 4 Oktoba 2024

Hiba,

Nakutumia barua ya Bi Mwanakhamis wa Tudor. Isome umekaa.

Zima mashine. Usimtoe yeye peke yake, zima yote. Kwenye orodha wamo watu mia tatu na mimi sijui mmoja wao leo yuko katika hali gani. Mamangu alikuwa hampi mtu chetezo kabla hajamuuliza, "Wa hali gani nyumbani?" Akiambiwa kuna msiba, chetezo hukirudisha ndani. Mimi nimeingia nyumba ya maiti na chetezo changu kinafuka moshi, nikamwambia mjane amngoje mumewe mlangoni. Nimeona haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Usiniambie habari ya arobaini. Najua tumefika wangapi.

Badria

Nakuru, 4 Oktoba 2024

Shangazi,

Nimesoma. Nimelia hapa ofisini mbele ya watu. Nisamehe.

Nimezima.

Hiba

Kibokoni, 5 Oktoba 2024

Dada yangu Bi Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Barua hii naiandika mwenyewe kwa kidole changu kimoja, na hakuna mwingine atakayeipata. Zile nyingine niliziandika pia, lakini ni mashine iliyokuwa ikizituma, na mashine haijui kubisha hodi. Kosa si lake. Ni mimi niliyekubali.

Mungu amrehemu Bwana Ubaid, amlaze mahali pema. Mimi nami nilikaa eda, sasa ni mwaka wa kumi na moja. Mume wangu Sheikhan alikuwa mshona matandiko ya farasi wa gwaride zamani, halafu viti vya magari, na mikono yake ilinuka ngozi. Nilikuwa nikimwambia atoke nayo nje. Sikujua kwamba ipo siku nitafungua sanduku la vyuma vyake nitie kichwa ndani.

Naomba ruhusa yako nije nikupe mkono wa pole. Najua nafsi yangu inanuka udi hata nikilala, miaka thelathini ya moshi si mchezo. Nimeacha kupika tangu jana. Nitaoga kwa maji ya ndimu mara tatu, na buibui nitaazima kwa jirani yangu, yeye anauza samaki. Afadhali nikuletee harufu ya samaki kuliko ya udi. Ukisema nisije, sitakuja, na sitaudhika.

Badria Sheikhan

Tudor, 13 Oktoba 2024

Dada Badria,

Waalaykum salaam. Ulipoondoka Ijumaa Aida alifungua madirisha yote. Nikacheka. Ni mara yangu ya kwanza tangu siku ile, na niliona vibaya, halafu sikuona vibaya.

Kuna jambo ambalo nilitaka kukwambia pale, nikashindwa kwa kuwa watu walikuwepo. Kanzu yake ya mwisho iko nyuma ya mlango wa chumba chetu. Watoto walitaka kuigawa sadaka, nikasema bado. Ina jasho lake na sigara ambazo alidhani sizijui. Kila mtu ananiambia nivumilie, siku ya kutoka eda wataniletea udi wa kila namna nyumba nzima inukie. Wananitakia heri. Lakini mimi naiogopa siku ile, Badria. Wakichoma, moshi wao utaingia kwenye kanzu, naye hatakuwepo tena humu ndani. Wewe mwenye kazi hii niambie: kuna njia ya kuuzuia?

Wala sikukwambia kwamba nilipolisoma lile somo la nne peke yangu, baadaye, niliona limeandikwa vizuri sana. Nilimwonea wivu mwanamke uliyemwandikia.

Njoo Ijumaa ijayo. Unaweza kuja na harufu yako mwenyewe, uketi karibu na mlango. Samaki basi.

Mwanakhamis

Kibokoni, 2 Desemba 2024

Hiba mwanangu,

Assalaam alaykum. Leo nimetoka Tudor. Nimekwisha kwenda Ijumaa nane, na leo hata si Ijumaa, nilikwenda tu. Ile kanzu tumeikunja pamoja, tukaitia kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, tukaifungia ndani ya bati la biskuti, tukaweka juu ya kabati. Moshi haupiti kwenye bati. Nilimwambia kila akitaka afungue kidogo, asifungue sana, harufu huisha kwa kuchukuliwa.

Sasa nijibu wewe. Wateja wanazidi. Nilidhani ni wale wa mwanzo wanaambiana. Lakini juzi Bi Jana wa Malindi ameagiza makopo mawili, na ananishukuru kwa somo la sita alilolipata mwezi uliopita, na kwa jinsi nilivyomjibu alipouliza kuhusu pumu ya mtoto wake. Anasema maneno yangu yalimtuliza.

Nilimjibu lini?

Shangazi yako

Nakuru, 3 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sikuzima.

Nilimtoa Bi Mwanakhamis siku ile ile. Kisha nilikaa mbele ya kile kitufe mpaka watu wakaenda nyumbani. Tulikuwa tumefika kumi na saba. Nilihesabu miezi iliyobaki nikajua kwamba nikikibonyeza umekwenda.

Sikuyaacha kama yalivyokuwa, naapa. Nilisimamisha yote siku mbili, nikaandika barua mpya ya kwanza, inamuuliza mtu, "Wa hali gani nyumbani?" na haipati somo nyumba ambayo haijajibu. Wengi walijibu, shangazi. Wanaandika kurasa. Mmoja ametoka hospitali, mmoja ameachwa, mmoja anaolewa mwezi wa pili na anaogopa. Nikawa nawajibu mimi, baada ya kazi, kwa jina lako. Nilikuwa nikijiuliza wewe ungesema nini, na mara nyingi nilijua. Wateja sasa ni arobaini na watatu. Shuruti limetimia. Nilikuwa nataka kukwambia mwisho wa mwezi, Bassam akishaonyeshwa.

Najua nimekudanganya. Mamangu alipofariki ulinichukua kwa mkono ukanipandisha ngazi zile, ukanionyesha kitanda, ukasema, "Hiki chako." Sina kitanda kingine duniani kilichoitwa changu. Ukienda Maskati nyumba itapangishwa, na mimi nikishuka Mwembe Tayari na mkoba wangu nitauliza njia ya kwenda kwa nani?

Hiba

Kibokoni, 5 Desemba 2024

Hiba,

Nimekaa na barua yako siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza ningekuandikia maneno ya kujutia.

Umefanya vibaya. Mtu akimwaga siri yake kwa Badria, na Badria hajui, huyo ameibiwa. Hilo nataka ulijue mpaka kwenye mifupa. Leo utaandika kwa kila mmoja, useme majibu yalikuwa ya mwana wangu Hiba, aliyejifunza kwangu. Atakayekasirika ana haki. Atakayetaka kuniandikia mimi, nitumie, nitamjibu kwa kidole changu, hata ikichukua mwaka.

Na hao arobaini na watatu siwezi kuwapeleka kwa Bassam. Hatukuwapata kwa njia ambayo naweza kuisema mbele yake.

Nimesoma majibu yako kwa Bi Jana. Ni mazuri. Penye pumu mimi nisingejua kusema vile. Kitanda chako nimekitandika shuka mpya, kwa sababu nilikuwa na hasira na mikono yangu haikuwa na kazi.

Shangazi yako akupendaye, na usijaribu tena

Maskati, 26 Desemba 2024

Mama mpenzi,

Assalaam alaykum. Mwaka unakwisha na hujaniambia umefika wangapi, kwa hiyo nadhani hawajafika. Usione vibaya. Sikuweka lile shuruti kukushinda. Tangu jirani aliponipigia simu kwamba amekukuta chini ya ngazi, kila simu ikiita mapema moyo wangu unasimama. Chumba chako tayari, kina dirisha la upande wa jua. Nikukatie tiketi ya tarehe kumi?

Bassam

Kibokoni, 28 Desemba 2024

Bassam mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenitoa machozi, na haya ninayokuandikia yasikufanye udhani sikuisoma kwa moyo.

Hesabu yangu ni hii. Wateja wamefika arobaini na watatu, lakini wengi wamepatikana kwa uongo uliofanywa kwa mapenzi, na nimemkemea aliyeufanya. Sitaki kuwatumia. Basi sema nimeshindwa.

Lakini sikati tiketi. Nina dada huko Tudor, Mwanakhamis, amebakiwa na siku thelathini na tisa za eda yake. Mwenye eda hatoki, huendewa. Nimemwahidi siku ile itakapofika nitasimama kwenye kizingiti cha nyumba yake na kila atakayekuja na udi nitampokonya, hata kama ni udi wangu. Mwanakhamis ataingia chumbani mwake wakati anaotaka, aivae harufu anayoitaka au asivae yoyote. Nina watu wengine ambao wameniandikia na wanangoja jibu. Kwa siku naweza watatu, wanne macho yakinisaidia. Sijachoka hivi tangu ulipokuwa mchanga, na ninalala vizuri.

Nimefikiri sana, mwanangu, na kosa langu halikuwa kushindwa. Lilikuwa kukubali. Uliniambia nilete watu arobaini ndipo nikae, nikakimbia kuwatafuta, kama kwamba nyumba yangu ni ya kushindaniwa. Babako hakuniambia nilete watu arobaini alipoufungua mlango nikaingia. Nimekaa humu miaka thelathini na minane. Ninakaa kwa sababu ni kwangu.

Khofu yako naijua, sikuidharau. Fundi amekuja jana, ametia kamba nene ukutani kwenye ngazi kutoka chini mpaka juu, naishika kama mzee wa miaka tisini, jirani wananicheka. Hiba anarudi mwezi wa pili, ameomba kazi yake aifanyie hapa, atalala chumba cha kando yangu. Na kila siku asubuhi saa tatu nitakuandikia wewe mstari mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe, ujue nimeamka.

Njoo Shaabani na wanao. Njoo ule, ulale, ugombane na Hiba. Masanduku yako yalete yamejaa na uyarudishe matupu, mimi usinitie ndani.

Mamako,
Badria